Chafya ya Mzee Luhaga

Mzee Luhaga alipiga chafya jua likiwa kichwani, na mtu pekee aliyekuwa naye ndani ya nyumba alikuwa mke wa mwanawe, Ng'washi.

Ilikuwa chafya kubwa, ya mtu mwenye nguvu zake, si ya mgonjwa ambaye tangu juzi alikuwa hajafumbua jicho. Ng'washi alishtuka hata kibuyu kikamponyoka, uji ukamwagika wote juu ya ngozi ya ng'ombe aliyolalia mzee. Kwanza alifurahi. Alifurahi hasa, kwa sababu mzee huyu hakuwahi kumtukana hata siku moja tangu aolewe, na wakwe wa namna hiyo si wengi. Kisha akakumbuka kwamba kuna neno linalotakiwa kusemwa, kwamba yeye ndiye wa kulisema, na kwamba ameapa kutolisema. Furaha ikamkauka mdomoni.

Upande ule wa Bariadi mtoto hulijua neno lenyewe kabla hajajua kujifuta makamasi. Mtu akipiga chafya, aliye karibu naye humwambia, "Mhola! Wa kwenu wakulinde." Mhola ni uzima, ni amani, ni salamu ya kila asubuhi. Wa kwenu ni wale waliokwisha kufa, ambao watu wa huko huamini kwamba hawaendi mbali na boma lao. Akipiga mtoto, husemwa kwa kicheko. Akipiga mgonjwa mahututi, hakuna anayecheka. Chafya ya mgonjwa, kwao, ni roho iliyokuwa ikienda zake imegeuka, imefika mlangoni, inataka kujua kama bado kuna watu ndani. Aliyeisikia kwanza ndiye wa kuitikia. Wengine wakija baadaye wakapiga kelele mpaka wakauke makoo, ni kazi bure.

Milembe, mke wa mzee, alikuwa amemwagiza waziwazi kabla hajatoka. Siku zote za ugonjwa hakubanduka kitandani pa mumewe, na sasa alikuwa amechoka kujinusa.

"Nakwenda lamboni nijimwagie maji," alisema. "Hata nzi wananikimbia. Wengine wote wako kwenye pamba, umebaki wewe. Akipiga chafya, mwitikie. Hata ikiwa ndogo ya kitoto, mwitikie. Umesikia, mayu?"

"Nimesikia, mayu." Mayu, yaani mama, ndivyo walivyoitana.

Kusikia, alikuwa amesikia. Hakusema kwamba ataitikia, na Milembe, aliyekwisha kutupia kanga begani na kuinama mlangoni, hakuwa na sababu ya kupima maneno ya mkamwana wake. Tangu lini mtu akaulizwa mara mbili kama atamjibu mgonjwa?

Lakini Ng'washi alikuwa na la kwake. Mwaka uliopita, mwaka wa hamsini na tano, alisimamishwa mbele ya darasa zima la dini kwa kosa hilohilo. Mtoto wa Apolonia, jirani yake, alipiga chafya katikati ya Baba Yetu, na ulimi wa Ng'washi ukaropoka wenyewe, maneno yote, mpaka wa kwenu. Mwalimu Januarius alifunga kitabu kwa kishindo. "Unaita mizimu ndani ya nyumba ya Mungu?" Akamsimamisha mlangoni, uso nje na mgongo kwa wenzake, mpaka sala zikaisha, watoto wakimcheka na watu wazima wakijifanya hawamwoni. Ubatizo wake ukasogezwa mwaka mzima. Alipoapishwa upya aliweka mkono juu ya msalaba: hataitikia chafya tena, ya mtu yeyote, mahali popote. Akikosea mara nyingine, mwalimu alisema, asihangaike kurudi.

Na ubatizo huo aliutaka kuliko alivyowahi kutaka kitu. Msimcheke. Maishani alikuwa ameitwa majina mengi, na hakuna hata moja alilolichagua: mwana wa fulani, mke wa Masunga, mama Bundala. Siku mwalimu alipowasomea majina ya watakatifu, alisikia moja likapita masikioni mwake, akanyoosha mkono, akasema lile. Klementina. Tangu siku hiyo alikuwa akilitaja peke yake akipalilia pamba. Sikukuu ya Bikira Maria ya mwezi wa nane ilikuwa karibu, na safari hii jina lake lilikuwa limeandikwa.

Mzee Luhaga alifumbua macho. Hayakuwa na ukungu kama macho ya homa, yalikuwa macho ya mtu aliyeamka. Yalizunguka darini, yakashuka ukutani, yakamkuta mkamwana wake amepiga magoti karibu na mlango, mahali pake pa heshima. Yakatulia hapo. Alikuwa anangoja.

Ng'washi alibana midomo. Ndani ya moyo wake alisoma Salamu Maria haraka haraka, akachanganya maneno, akaanza tena. Alitazama uji uliomwagika. Alipoinua uso, mzee alikuwa bado anamtazama, na katika uso ule uliokonda hakukuwa na hasira hata kidogo. Kulikuwa na mshangao tu, wa mtu aliyefika kwake akakuta komeo.

Ndipo Mzee Luhaga alipotikisa midomo.

"Mhola, Luhaga," alijiambia.

Akageuza uso ukutani.

Hakuna mtu anayejiitikia mwenyewe. Anayejiitikia ni mchunga ng'ombe aliyepotea porini, au mgeni asiye na kwao aliyelala njiani, na hata hao huona haya. Huyu alikuwa na wana, na wajukuu, na zizi lililojaa, na boma lenye jina lake. Na alikuwa amejiitikia, mbele ya mtu wa nyumbani mwake.

Alipopata nguvu ya kumsogelea na kumwita, "Baba! Baba!", mzee hakugeuka tena. Milembe aliporudi kutoka lamboni, nywele zikimchuruzika maji, alimkuta mumewe amekata roho.

*

Milembe hakupiga yowe mara moja. Alikaa chini, akaushika mkono wa mumewe, akauliza kwa sauti ya kawaida kabisa:

"Alipiga chafya?"

Ng'washi hakuwa amejiandaa kusema uongo. Ulitoka wenyewe, kama lile neno darasani.

"Hapana, mayu."

"Hata moja?"

"Hata moja."

Milembe alivuta pumzi ndefu, mabega yakamshuka. "Basi alikwenda moja kwa moja," alisema. "Hakugeuka nyuma. Wabeja, Luhaga. Asante kwa kutonisumbua." Kisha ndipo akalia, na watu waliokuwa mashambani wakausikia mlio huo, wakatupa pamba wakaja mbio.

Maneno hayo yakawa ndiyo faraja ya mjane. Kila aliyefika msibani alipewa. Walikuja watu wa ukoo kutoka Malampaka, wakateremka na vumbi lao, naye akawaambia: hakuhangaika, hakugeuka. Alikuja binti yake Shija kutoka kwa mumewe kule Lalago, akajitupa mlangoni akilia, na Milembe akamwinua akamwambia vilevile. "Nilikuwa nimekwenda kujimwagia maji, mwanangu. Lakini hakuniita. Mkamwana wangu alikuwepo. Hakupiga chafya hata moja."

Na kila mara aliposema hivyo alimwelekea Ng'washi, naye Ng'washi, akiwa amebeba maji au kuni au sufuria, alitikisa kichwa kwamba ndivyo. Alitikisa kichwa mpaka shingo ikamuuma. Hakuna aliyemshuku. Wazee walimsifu kwamba alimuuguza mkwe wake vizuri, na mumewe Masunga, ambaye kusifu si desturi yake, alimpa yeye mwenyewe kigoda akalie. Alikikalia akaona kinamchoma.

Mwalimu Januarius naye alifika kutoa pole, kaptula imenyooshwa, baiskeli akiisukuma kwa mkono kwa heshima ya msiba. Ng'washi alimvizia nyuma ya zizi. Alitaka mtu mmoja tu duniani amwambie amefanya vizuri.

"Mwalimu, alipiga chafya."

"Nani?"

"Marehemu. Nilikuwa naye peke yangu. Nilinyamaza."

Uso wa Januarius ulichanua. Alimshika mkono, akautikisa kwa nguvu, kana kwamba wako arusini.

"Klementina! Umeshinda! Hata wale wa kwanza kubatizwa hapa wasingeweza."

"Lakini mwalimu, alikuwa ananitazama."

"Hata shetani ana macho, mama."

Ng'washi aliutoa mkono wake. Mzee Luhaga, mwenye macho ya shetani? Alitaka kumwambia na lile lililofuata, lile alilojiambia mzee mwenyewe, lakini mwalimu alikuwa tayari anatazama kule uji unakogawiwa. Akalimeza.

*

Siku ya mtihani wa dini, Padri alikuja kigangoni na pikipiki yake. Alikuwa Mzungu mrefu mwenye shingo nyekundu, anayekisema Kisukuma kwa namna ya kuwachekesha akina mama, na hakuwa mtu mbaya. Kiangazi kilikuwa kimekauka hasa, na vumbi la njia ya Bariadi lilikuwa limempaka kuanzia kofia hadi viatu. Alivua miwani, akaingia chini ya paa la nyasi ambapo darasa zima lilisimama kumpokea, akafungua mdomo awasalimu. Badala ya salamu ikatoka chafya.

"Afya, Padri!" alisema Mwalimu Januarius, upesi na kwa sauti, hata kabla mwangwi haujaisha.

"Asante, mwalimu," alisema Padri akijifuta pua. Akaendelea na salamu zake.

Ng'washi, aliyenyoa kichwa kwa msiba na kujifunga kaniki, alibaki amesimama wenzake wote walipoketi. Apolonia alimvuta nguo. Aliketi. Alifikiri amesikia vibaya. Alimtazama mwalimu, akaona mwalimu hana habari, anapanga vitabu mezani kama mtu ambaye hajasema lolote la ajabu.

Walianza kuulizwa. Mungu ni nani, sakramenti ni nini. Zamu ya Ng'washi ilipofika, Januarius alisimama mwenyewe kumtambulisha, na kwa jinsi alivyojikohoza watu walijua ana jambo.

"Padri, huyu ndiye Klementina. Mwaka jana tulimrudisha kwa sababu ya kuitikia chafya kwa mizimu. Mwaka huu Mungu amemjaribu. Mkwe wake, Mzee Luhaga, akiwa katika kufa alipiga chafya, na huyu alikuwa naye peke yake. Hakufungua mdomo! Mzee akafa, naye hakufungua mdomo."

Alingoja makofi. Hayakuja. Wote walikuwa Wasukuma, wote walikuwa wamehudhuria matanga yale, na wote walikuwa wameambiwa na mjane kwa kinywa chake kwamba mumewe hakugeuka.

"Alipiga chafya?" Apolonia aliuliza, si mwalimu wala Padri, bali Ng'washi mwenyewe, akimtazama usoni. "Mzee Luhaga alipiga chafya, nawe ukakaa kimya?"

"Nyamaza, Apolonia," alisema Januarius.

Padri alikuwa amevaa tena miwani. "Sikuelewa," alisema. "Kuitikia kwa mizimu ni kuitikia vipi? Mnasema nini?"

Hakuna aliyetaka kuyatamka maneno yale mahali pale. Mwishowe Ng'washi aliyasema, macho chini. "Tunasema, Mhola. Wa kwenu wakulinde."

"Mhola," Padri alirudia. "Ile ya salamu?"

"Ndiyo hiyo, Padri."

"Na wa kwenu ndio wafu." Alifikiri kidogo. "Basi hiyo ya pili, hapana. Ulinzi tunauomba kwa Mungu. Lakini mhola ni kumtakia mtu uzima tu. Hiyo haina dhambi. Mngesema mhola mkaishia hapo, inatosha. Hata kwetu, mtu akipiga chafya, tunamtakia afya. Mama yangu asingesema hivyo, angeona amekosa adabu."

Alisema hivyo kwa upole, kama mtu anayemwondolea mwenzake mzigo. Hakujua anachokisema.

Ng'washi aliinua kichwa. "Inatosha?"

"Inatosha, mama."

"Mhola tu?"

"Mhola tu."

Neno moja! Angeweza kulisema neno moja lile, na msalaba ukabaki msalaba, na jina likabaki limeandikwa, na mzee akapata wa kumwitikia. Ng'washi alimgeukia mwalimu wake, na sauti iliyomtoka haikuwa ya mwanafunzi.

"Mwalimu, ulijua?"

Januarius alikuwa amepauka. "Nilikataza yote, Padri," alisema, akimjibu mkubwa na kumruka aliyemuuliza. "Hawa watu, ukiwapa nusu wanachukua nzima. Niliona heri wanyamaze kabisa."

"Lakini wewe ulimwitikia Padri sasa hivi. Sote tumesikia."

"Ile ni adabu, mama. Ni Kiswahili."

"Na baba mkwe wangu alikuwa mbwa?"

Mwalimu alifungua kitabu, akakifunga. Padri alimwambia kwa sauti ya chini kwamba wataongea baadaye, kisha akamrudia Ng'washi, na sasa hata yeye alikuwa ameanza kuogopa.

"Mama, sikiliza. Mzee alikuwa na kichomi. Dresa wa zahanati alimchoma sindano, haikusaidia. Hakufa kwa sababu yako."

"Alikuwa anarudi, Padri?"

Padri alikuwa mkweli, na kwa hilo Ng'washi alimheshimu baadaye. "Sijui," alisema.

Akauliza maswali mawili ya katekisimu, Ng'washi akayajibu bila kukosea, kwa maana alikuwa ameyalala na kuyaamkia mwaka mzima. Padri akamwambia amefaulu. Alipogeuka kurudi kukaa, aliona nafasi ya Apolonia iko wazi. Apolonia alikuwa amekwisha kuondoka, na njia aliyoshika ilikuwa moja tu.

*

Bomani hakuna aliyeitikia salamu yake. Alisema "Mwadila" mara ya kwanza, akasema mara ya pili, na wanawake waliokuwa wakipeta mtama wakaendelea kupeta. Mtoto wake alimkimbilia, Shija akamdaka mkono na kumrudisha nyuma yake.

Masunga alikuwa amesimama mlangoni mwa zizi. Machozi yalikuwa yamemkaukia mashavuni, na Ng'washi hakuwahi kuona machozi ya mume wake, hata siku ya kuzika.

"Ni kweli?"

"Ng'hana. Ni kweli."

"Baba yangu alibisha kwake mwenyewe, ukamfungia?"

Alinyanyua mkono. Ng'washi hakuukwepa, alitamani ushuke. Shija naye alikuwa akipaza sauti kwa ukoo mzima usikie: huyu aondoke leo, aende na nguo aliyovaa, watoto wabaki, ni wa hapa, ng'ombe za mahari zilikwenda. Wazee wa ukoo waliokaa kivulini walitazama chini. Hakuna aliyempinga. Ng'washi aliposikia neno watoto, alipiga hatua kumwelekea mtoto wake.

"Mwacheni."

Ilikuwa sauti ya Milembe, kutoka ndani. "Masunga, shusha huo mkono. Na wewe, Shija, funga mdomo. Mleteni kwangu. Peke yake."

Mjane alikuwa amekaa mahali palepale alipolala mumewe. Ngozi ya ng'ombe ilikuwa imekwisha kutolewa. Ng'washi alipiga magoti mlangoni.

"Sikukuambia upige magoti. Kaa."

Akakaa.

"Apolonia anasema ulinyamaza."

"Nilinyamaza, mayu."

"Ukaniambia hakupiga."

"Nilikudanganya."

"Nami nikawadanganya watu wote." Milembe alisema hivyo bila ukali, kama anayejieleza mwenyewe mambo yalivyokuwa. "Wageni wa Malampaka nimewadanganya. Mwanangu nimemdanganya. Alikukosea nini, Luhaga?"

"Hakunikosea kitu. Nilikatazwa na dini. Na leo Padri anasema haikuwa..."

"Sikukuuliza habari za Padri. Alifumbua macho?"

"Alifumbua."

"Alikuona?"

"Aliniona."

"Alipoona kimya, alifanya nini?"

Hilo halikuwa limefika kwa mtu yeyote. Januarius hakulijua, Padri hakulijua, Apolonia hakulipata la kubeba. Ng'washi angeweza kusema, alilala tu, na mjane huyu angebaki na kitu kidogo cha kushika. Watoto walikuwa nje, mikononi mwa Shija. Jibu lilikuwa tayari ulimini, jepesi na la huruma. Lakini lile la kwanza nalo lilikuwa la huruma, na limewafikisha hapa.

"Alijiitikia mwenyewe, mayu."

Milembe alimkazia macho. "Sema tena."

"Alisema, Mhola, Luhaga. Akageukia ukutani."

Mkono wa mjane ulipanda polepole ukaziba kinywa chake, ukabaki hapo. Macho yalimtoka. Hakulia, wala hakupiga yowe ambalo watu wa nje walikuwa wakilingoja. Ng'washi alitaka kumshika, akaogopa kumgusa.

"Mwenye boma hili," Milembe alisema mwishowe kutoka nyuma ya kiganja. "Mwenye watu wote hawa. Kama mtu wa njiani."

"Mama!" Shija aliita nje. "Atoke huyo! Wazee wanangoja!"

"Hatoki!" Milembe alijibu, na ukali wa sauti yake uliwashtua wote, hata nyungo zikanyamaza. Kisha akamwinamia Ng'washi, karibu kabisa, akaongea kwa ajili yake peke yake.

"Hutoki. Ukitoka utakwenda kwa mama yako, atakuitikia yeye, utasahau. Utakaa hapa na watoto wako. Nawe ukipiga chafya, mimi ndiye nitakayekuitikia. Kila mara. Nikiwa na hasira, nitakuitikia. Nikiwa mgonjwa, nitakuitikia. Sitaki mtu mwingine ajiitikie mwenyewe katika nyumba hii, hata awe wewe."

Ng'washi alikuwa amejiandaa kwa fimbo. Alikuwa amejiandaa kwa njia ya kwao na matusi ya Shija mgongoni. Kwa hili hakuwa na maandalizi. Alijiona akiishi miaka na miaka akiogopa vumbi, akiogopa moshi wa jikoni, akijibana pua asije akapiga chafya na kumlazimisha mwanamke huyu kumtakia uzima. Alilia kwa sauti, uso ndani ya kaniki.

Milembe alimngoja amalize.

"Hilo jina wanalokwenda kukupa ni lipi?"

"Niite Ng'washi, mayu. Ng'washi tu."

"Hilo nalijua. Nakuuliza lile ulilomnyamazia mume wangu. Ndilo nitakalolitaja nikikuitikia."

Jina ambalo alikuwa akilitaja peke yake shambani, kwa raha, sasa alilitoa kwa shida, kama mtu anayetema mwiba wa samaki.

"Klementina."

"Kile... Kilemetina."

"Klementina, mayu."

"Klementina," alisema Milembe. Akalirudia taratibu, akakosea, akalirudia tena mpaka likamkaa mdomoni. Kisha akasimama, akajifunga kanga vizuri, akatoka nje kwenda kuwaambia watu wa ukoo jinsi Luhaga alivyokufa.